Mradi wa karanga wa Kongwa: hesabu zilitangulia, ardhi ikaja kujulikana baadaye

Watu wengi wameusikia mradi wa karanga juu juu tu, kwamba Waingereza walikuja Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Pili, wakataka kulima karanga kwa matrekta, wakashindwa, hela zikapotea. Na sababu inayotolewa kila siku ni ileile, wazungu walikuwa hawaijui Afrika. Mimi hiyo sababu siikubali kirahisi, kwa sababu aliyeongoza timu ya kuandaa mpango wenyewe, John Wakefield, alikuwa amewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapahapa Tanganyika. Sasa mtu wa namna hiyo unamwitaje mgeni wa nchi? Kwa hiyo hiki kisa inabidi kitazamwe vizuri, hatua kwa hatua, maana kilichouangusha ule mradi ni kitu ambacho kinaweza kumkuta yeyote mwenye mpango mkubwa, awe mgeni au mwenyeji.

Tuanze na shida iliyokuwepo, kwa sababu shida ilikuwa ya kweli. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imeshinda vita lakini watu wake wanakula kwa mgao, mwaka huohuo hata mkate ukaingizwa kwenye mgao, na mafuta ya kula yalikuwa haba sana. Frank Samuel, bosi wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, akapeleka wazo serikalini kwamba Tanganyika kuna ardhi tele, tukilima karanga kwa mashine badala ya jembe la mkono tutapata mafuta ya kutosha. Serikali ya Attlee, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, ikalipenda. Timu ya Wakefield ikatumwa katikati ya mwaka 1946, ikazunguka kama wiki 9, wakati mwingine wakiiangalia nchi kutoka kwenye ndege, halafu ikarudi na hesabu.

Na hizo hesabu ndizo za kusoma polepole. Ekari milioni 3 na laki 2 na ushee, zigawanywe mashamba 107, kila shamba ekari 30,000. Mashamba 80 Tanganyika, yaliyobaki Kenya na Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Gharama kama pauni milioni 24 ndani ya miaka 6. Mavuno yatafika tani laki 6 kwa mwaka. Waziri wa Chakula, John Strachey, akaubeba mpango, na mwanzoni mwa 1947 ukachapishwa rasmi ukawa sera ya serikali.

Angalia kilichokosekana hapo. Hakuna shamba la majaribio. Yaani hakuna mahali palipolimwa hata ekari mia chache kwa misimu miwili mitatu ili ijulikane mashine inafanyaje, mvua inanyesha lini, karanga inatoka kiasi gani. Walijua kabisa kwamba jaribio ni kitu kizuri, ila waliona jaribio litakula muda na watu wana njaa sasa hivi. Huo ndio uamuzi uliozaa mengine yote, na inauma kwa sababu ulifanywa na watu wenye nia njema kabisa.

Sasa kwa nini Kongwa? Kongwa iko Ugogo, mkoa wa Dodoma wa leo, na sababu ya kuanzia pale haikuwa kwamba ni pazuri kwa karanga kuliko kwingine. Nachingwea kule kusini ilikuwa na mvua nzuri zaidi, lakini kusini hakukuwa na reli wala bandari ya maana. Kongwa iko karibu na Reli ya Kati. Yaani mahali pa kulima palichaguliwa na njia ya kufikisha matrekta, zao lenyewe likafuata. Na sababu ya pili, ambayo kwangu ndiyo kiini cha kisa chote, ni kwamba sehemu kubwa ya pori lile lilionekana halina watu. Kwenye ramani ya mpangaji ardhi isiyo na watu ni raha tupu, hakuna wa kuhamisha, hakuna kesi za mashamba, unaanza tu.

Lakini ardhi isiyo na watu, katika nchi ambayo watu wameishi miaka na miaka, yenyewe ni taarifa. Watu hawakukaa pale kwa sababu maji hakuna, pori ni zito, kuna mbung'o, na mvua ya Ugogo haitabiriki. Wagogo walikuwa wameshaisoma hiyo ardhi kwa njaa walizozipitia, ile njaa kubwa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920 iliua watu wengi sana na ilikuwa bado iko vichwani mwa wazee waliokuwa hai wakati matrekta yanaingia. Na namna yao ya kuishi ilikuwa imejengwa juu ya hiyo mvua: mtama na uwele vinavyovumilia ukame, mashamba madogomadogo yaliyotawanyika kwa sababu mvua inaweza kunyesha hapa isinyeshe pale ng'ambo, na ng'ombe ndio akiba ya kubadilisha na nafaka msimu ukiharibika. Ukisoma hayo yote pamoja unapata jibu la utafiti mkubwa kuliko wowote ambao serikali ya London ingeweza kuulipia. Ila lile jibu halikuwa limeandikwa kwenye faili, lilikuwa limeandikwa kwenye maisha ya watu, na mpango wa ekari milioni 3 haukuwa na safu ya kuingiza kitu kama hicho.

Twende kwenye mashine, maana hapa ndipo mambo yalipoanza kuonekana kwa macho. Mpango ulitaka matrekta na mabuldoza mengi haraka, lakini viwanda vya Uingereza baada ya vita havikuwa na uwezo wa kuyatoa. Kwa hiyo wakanunua mabaki ya jeshi, mengi yakiwa yameachwa Ufilipino na kwingine na jeshi la Marekani, mashine zilizokwisha fanya kazi ya vita na kuachwa juani na mvuani. Mpaka vifaru vya Sherman vilichukuliwa, kiwanda cha Vickers kikavigeuza kuwa matrekta yakaitwa Shervick. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya vita imetengenezwa ifanye kazi kali kwa muda mfupi, hakuna jeshi linalonunua buldoza likiwaza miaka 15 ijayo. Maisha yake yameshapangwa na kusudi lake la kwanza. Sasa wewe unaichukua ikiwa mwishoni mwa hayo maisha, unaipeleka kwenye pori gumu mamia ya maili kutoka bandarini, huna spea za kutosha, unataka ikutengenezee msingi wa mpango wa miaka 6.

Na njia ya kufika yenyewe ilikuwa kizuizi. Bandari ya Dar es Salaam wakati huo haikuwa na gati la kina kirefu, meli zinatia nanga nje, mizigo inashushwa kwa matishari. Halafu kuna reli moja tu ya kwenda bara, ambayo ilijengwa kwa mizigo ya wakati wa Wajerumani. Mizigo ya mradi ikajazana bandarini, mabuldoza yanasubiri, saruji inasubiri, chakula kinasubiri, na mafuriko yakiizoa njia kote kunasimama. Kufika mwisho wa kiangazi cha 1947 kama theluthi mbili za matrekta yaliyoingizwa yalikuwa mabovu.

Pori la Kongwa nalo halikuwa la mchezo. Unaweza kuangusha miti ya juu kwa buldoza, lakini chini kuna mizizi iliyofumana ambayo plau ikiingia inakwama au inavunjika. Wakaja na mbinu ya kuchukua mnyororo wa nanga ya meli, kila upande unavutwa na trekta kubwa, unapita porini unalaza miti. Mbinu ilisaidia kulaza miti, visiki na mizizi vikabaki palepale. Lengo la mwaka 1947 lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500 tu. Hapo mpango ulikuwa umeshasema wenyewe kila kitu, kama kungekuwa na wa kusikiliza.

Udongo ukamalizia. Ili ulielewe hili lazima uijue karanga inavyozaa. Ua linatoka juu, likishachavushwa linatoa kama sindano inayoshuka na kuchoma ardhi, halafu karanga inajijenga chini ya udongo. Ukitaka kuvuna unang'oa mmea mzima na karanga zake. Kwa hiyo karanga inataka udongo mlaini, wa kichanga, wakati wa kuzaa na wakati wa kuvuna. Udongo mwekundu wa Kongwa ukiwa na unyevu unalimika vizuri na kwa macho unavutia, lakini una mfinyanzi wa kutosha kiasi kwamba mvua ikikatika jua linaukausha unakuwa kama saruji, na karanga huvunwa mvua ikishakatika. Mashine za kuvunia zikifika ardhi imeshafunga, karanga zinabaki chini. Na mchanganyiko wa mchanga na mfinyanzi ule ulikuwa unasaga vyuma, visu vya plau na vipuri vinavyogusa ardhi vinalika kwa kasi ambayo hakuna aliyeiweka kwenye bajeti. Hilo lingejulikana kwenye msimu mmoja wa shamba dogo, bila kelele, kwa hela kidogo.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu swali la msingi ni hili: kwa nini hawakusimama? Mwisho wa 1947 taarifa zilikuwepo, mashine mbovu, ekari chache, udongo mgumu. Mimi naona jibu liko kwenye ukubwa wenyewe. Ukishaajiri watu wengi, ukishasaini mikataba ya mashine, ukishaanza kujenga makambi, hospitali, karakana, na mpango umeshatangazwa bungeni, basi kila siku ya kusimama ina gharama kubwa kuliko siku ya kuendelea. Mpango mdogo ukikosea unabadilisha mpango. Mpango mkubwa ukikosea unabadilisha maelezo, unasema tatizo ni bandari, tukimaliza bandari tutakwenda, tatizo ni spea, zikija spea tutakwenda, na kila sababu ni ya kweli kwa sehemu yake, ndiyo maana inaaminika. Mwaka 1948 usimamizi ukahamishwa kutoka United Africa Company kwenda shirika jipya la umma, Overseas Food Corporation, chini ya Leslie Plummer, ila lile lengo la ekari likaendelea kuwa ndio kipimo. Watu porini wanapimwa kwa ekari walizofyeka, kwa hiyo wanafyeka, hata kama ekari iliyofyekwa haitatoa karanga na ikibaki wazi upepo na mvua vinachukua udongo wake.

Na wenyeji? Mradi ulileta ajira, watu wengi walijifunza udereva na ufundi pale, hilo lisifichwe. Lakini kambi kubwa ikitua ghafla katikati ya nchi yenye chakula cha kubahatisha, hela za mishahara zinakimbizana na nafaka chache, bei zinapanda, na mwenye kibarua anajikuta mshahara wake haununui kile alichokitegemea. Mgomo ulioanza bandarini Dar es Salaam Septemba 1947 ulisambaa kufuata reli mpaka ukafika Kongwa. Hakuna mahali kwenye ule mpango wa Wakefield palipoandikwa kwamba tutakusanya vibarua wa Tanganyika mahali pamoja wajifunze kugoma, lakini hilo nalo lilikuwa tunda la mradi.

Mwaka 1949 ukame ukapiga, karanga na hata alizeti iliyoletwa kama mbadala vikaharibika. Malengo yakapunguzwa, Wakefield akaondolewa kwenye bodi mwaka huohuo, wabunge London wamekasirika. Januari 1951 serikali ikakubali kwamba imekwisha, na pauni milioni 36 na nusu zikafutwa kwenye vitabu. Mbegu za karanga zilizonunuliwa zilikuwa nyingi kuliko karanga zilizovunwa katika ile miaka ya mwanzo. Mpango wa kuwapa watu mafuta ulikula karanga kuliko ulivyozitoa.

Mara nyingi kisa kinaishia hapo na watu wanafunga faili. Mimi naona nusu ya pili ndiyo tamu zaidi, kwa sababu vitu vikubwa vikijengwa havipotei kwa sababu aliyevijenga ameghairi.

Chukua kusini. Ili Nachingwea ifunguke walianza kujenga bandari mpya ya kina kirefu Mtwara na reli ya kuingia bara, na mji mpya ukachorwa kwa ajili hiyo. Karanga zilipokufa ujenzi ulikuwa umeshafika mbali, ukaendelea, bandari ikakamilika miaka ya 50 wakati zao lililoiita halipo tena. Reli haikupata mzigo wa kuilisha, ikaendeshwa kwa hasara, na mwanzoni mwa miaka ya 60, baada tu ya uhuru, ikafungwa na kung'olewa. Bandari yenyewe ikabaki, na mji ukabaki, Lindi na Mikindani zilizokuwa bandari za siku nyingi zikasogezwa pembeni. Leo korosho zinapita Mtwara na kazi za gesi zimeitumia bandari hiyohiyo. Kuna anayesema basi mradi haukuwa hasara. Sikubaliani naye. Kitu kikitumika baadaye kwa kazi nyingine hakikihalalishi kilivyofanywa mwanzo, na watu wa kusini waliojengewa reli halafu ikang'olewa mbele ya macho yao wakakaa miongo mingi bila barabara ya uhakika wana haki ya kuiona hesabu kwa upande wao.

Kongwa nayo. Mashamba makubwa yakageuzwa kuwa malisho ya ng'ombe, na ranchi ya Kongwa ipo mpaka leo. Majengo ya mradi kwa miaka kadhaa yalitumika kama shule ya bweni ya watoto wa wazungu wa Tanganyika. Halafu mwaka 1964, serikali ya Nyerere ikalitoa eneo lile kwa wapigania uhuru, kambi ya Kongwa ikapokea wapiganaji wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine. Nachingwea kule kusini ikawa kituo kikuu cha mafunzo cha FRELIMO. Kwa hiyo ardhi iliyofyekwa ili dola ya Uingereza ipate mafuta ya kula ikaja kutumika kuwaandaa watu waliokwenda kumaliza utawala wa wakoloni kusini mwa Afrika. Huwezi kuipanga hiyo.

Lakini linalonigusa zaidi ni la Urambo, mkoa wa Tabora, ambako ndiko hakusimuliwi sana. Urambo ilikuwa tawi la tatu la mradi. Baada ya 1951 kazi ikaendelea kwa udogo, na katikati ya miaka ya 50 ikashikwa na shirika la kilimo la Tanganyika, wakajaribu kuweka wakulima wenye mashamba ya kawaida, wakajaribu mazao, wakaona tumbaku inakubali, wakaendelea nayo. Urambo ikaja kuwa moja ya maeneo makubwa ya tumbaku nchini. Tumbaku ina mambo yake, inakula miti na bei yake inawaumiza wakulima, siisifii. Ninachosema ni kwamba palepale, kwenye udongo uleule wa mradi ulioanguka, utaratibu wa kujaribu kidogo, kuangalia, kubadilisha ndio uliotoa kitu kilichosimama. Na aliyekuwa anaamua ekari ngapi zilimwe ni mtu atakayelala njaa akikosea.

Sasa ungetegemea kwamba nchi iliyokaa na mabaki hayo yote mbele yake ingekuwa ya mwisho kurudia. Baada ya uhuru, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 60, serikali yetu ikaanzisha makazi mapya ya wakulima, watu wakachukuliwa wakapelekwa kwenye vijiji vya mfano, wakapewa matrekta, nyumba, wataalamu, kila kimoja kikiwa na gharama kubwa sana ukilinganisha na kile ambacho shamba lingeweza kurudisha. Mwaka 1966 serikali yenyewe ikatangaza kuachana na mtindo huo, kwa sababu hela nyingi imewekwa na mavuno hayailipi, na waliopelekwa wanasubiri serikali iwafanyie. Wapangaji safari hii walikuwa wenyeji, wanaijua lugha, wengine wamezaliwa kwenye familia za wakulima. Kwa kuacha mapema walifanya jambo ambalo London ilishindwa kulifanya mwaka 1947, na hilo niwape haki yao. Miaka michache baadaye ikaja Operesheni Vijiji, safari hii kwa mamilioni ya watu, nchi nzima, na tarehe ya mwisho imeshatajwa: kufika mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe anaishi kijijini. Ugogo ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kuhamishwa.